Shati la Michoro Lililopauka au Lenye Madoa ya Jiki: Njia Nne za Kulirudishia Rangi

Shati la pamba lenye michoro hupoteza sura yake kwa namna mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kupauka: jua, msuguano na kufuliwa mara kwa mara hupunguza rangi kidogo kidogo kwenye nguo nzima, hasa mabegani, kwenye mkunjo wa kola na kwenye pindo za mikono, mpaka siku mwenyewe anapoinua kola na kuona chini yake rangi ambayo alikwisha kuisahau. Ya pili ni doa la jiki, au la dawa nyingine yoyote yenye klorini, ambayo huvunja molekuli za rangi mahali ilipogusa na kuacha baka jeupe, la manjano au la rangi ya chungwa, kutegemea rangi iliyokuwapo. Katika hali ya kwanza rangi imepungua kila mahali. Katika ya pili kuna mahali ambapo rangi haipo kabisa. Tiba ya moja si lazima iwe tiba ya nyingine, na ushauri mwingi kuhusu kutia nguo rangi hupotosha kwa sababu hautenganishi mambo hayo mawili.

Michoro huongeza ugumu. Shati la rangi moja linahitaji kurudishiwa rangi hiyo tu, lakini shati la maua au la mistari lina rangi mbili, tatu au zaidi ambazo zote zinapaswa kuendelea kuonekana, kila moja mahali pake. Rangi ya nguo nayo haifuniki kilicho chini yake kama rangi ya ukutani inavyofanya. Huingia ndani ya nyuzi na kujumlishwa na rangi iliyomo. Ukitia buluu juu ya manjano utapata kijani, na ukitia buluu juu ya baka la jiki utapata buluu hafifu iliyozungukwa na buluu nzito. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza, na kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, ni hili: unachotaka kuokoa ni michoro au ni shati? Anayelipenda shati kwa ajili ya maua yake ana njia chache na anapaswa kupunguza matarajio. Anayetaka nguo inayovalika tena, hata ikiwa na sura mpya, ana uwanja mpana.

Lichunguze shati kabla ya kununua rangi

Anza na nyuzi. Rangi zote za pamba zitakazotajwa hapa zimekusudiwa kushika selulosi, yaani kile ambacho nyuzi za pamba zimeumbwa nacho, na hazishiki poliesta. Shati lenye nusu pamba na nusu poliesta litatoka na takriban nusu ya uzito wa rangi uliotarajiwa. Ikiwa lebo imekatwa, chomoa nyuzi chache kwenye mshono wa ndani uziwashe kwa uangalifu juu ya sahani: pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Kumbuka pia kwamba mashati mengi ya pamba yameshonwa kwa uzi wa poliesta, na uzi huo utabaki na rangi yake ya zamani. Shati jeupe lililotiwa buluu iliyokoza litabaki na mishono myeupe kwenye kola, mifukoni na kwenye matundu ya vifungo. Wengine huipenda sura hiyo, wengine hawaivumilii, na ni afadhali kulijua jambo hilo mapema.

Kisha geuza shati ndani nje na ulinganishe pande mbili za michoro. Ikiwa upande wa ndani ni hafifu sana na upande wa nje unahisi kama una utando mwembamba ukipitisha kidole, yamkini michoro imechapwa kwa pigmenti, yaani chembe za rangi zilizogandishwa juu ya kitambaa kwa gundi maalumu. Michoro ya namna hiyo hupokea rangi mpya kwa shida, na kwa mwenye kutaka kuiokoa hiyo ni habari njema. Ikiwa mahali penye ua pana ulaini uleule wa mahali pasipo na ua, rangi imeingia ndani ya nyuzi, na rangi mpya itachanganyika nayo. Ikiwa picha ni nene na ya mpira-mpira, kama zile za kifuani mwa fulana, haitapokea rangi kabisa, na maji ya moto sana yanaweza kuilegeza au kuipasua.

Dondosha tone la maji kwenye kitambaa kikavu. Likinywewa mara moja, rangi itaingia vilevile. Likibaki limesimama kama kidonge, kitambaa kimewekwa dawa ya kuzuia mikunjo au madoa, au kina mabaki ya kilainishi cha nguo, na rangi itashika kwa mabaka. Kilainishi huondoka kwa kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni. Dawa ya kuzuia mikunjo kwa kawaida haiondoki.

Mwisho, kwenye doa la jiki, lielekeze shati kwenye mwanga na ulivute kidogo kwa vidole viwili. Klorini huharibu rangi na selulosi pia, kwa hiyo pale palipomwagikiwa jiki isiyochanganywa na maji kitambaa huwa chepesi na huweza kuchanika kwenye ukingo wa baka. Ikiwa doa ni jipya, suuza kwa maji mengi, kisha loweka sehemu hiyo katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 iliyoongezwa maji, au katika maji yenye sodiamu thiosulfeti, ili klorini iliyobaki iache kufanya kazi. Isipofanyiwa hivyo itaishambulia hata rangi mpya. Siki isitumike kwa kusudi hili. Watu wengi huishauri, lakini tindikali yoyote ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu. Amonia nayo ikichanganywa na jiki hutoa gesi nyingine zenye madhara.

Vigezo vya kupimia

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo matano: michoro itakuwaje; doa au kupauka kutaondoka kwa kiasi gani; rangi itadumu kiasi gani kwa kufuliwa na kwa jua; kazi, vifaa na hatari zake; na kama kuna nafasi ya kurudi nyuma mambo yasipokwenda vizuri. Baada ya hayo nimetaja inamfaa nani. Gharama sikuifanya kigezo cha peke yake, kwa kuwa inafuata wingi wa vifaa, na hilo litaonekana chini ya kazi.

1. Rangi ya kuchemsha

Hizi ndizo rangi za pakiti au chupa ndogo zinazotumika kwa maji ya moto na chumvi ya kawaida. Zile za pamba ni za ukoo ulioanza miaka ya 1880, Mjerumani Paul Böttiger alipogundua rangi nyekundu ya Kongo, iliyoshika pamba bila kuhitaji kwanza dawa ya kushikizia. Pakiti nyingi za nyumbani ni mchanganyiko: sehemu moja ya rangi ni ya pamba na sehemu nyingine ni ya sufu na nailoni. Ndiyo maana maji hubaki na rangi nzito hata baada ya shati kushiba. Ile sehemu isiyo ya pamba haina pa kwenda.

*Michoro.* Michoro iliyoingia ndani ya nyuzi itachanganyika na rangi mpya, na tofauti kati ya ua na sehemu inayolizunguka itapungua. Michoro ya pigmenti itasalimika zaidi, isipokuwa sehemu nyeupe za kitambaa zitafuata rangi mpya. Picha za mpira-mpira zina hatari kwa sababu ya moto.

*Doa na kupauka.* Kupauka kunatibika vizuri, hasa ukichagua rangi ileile ya msingi wa shati, iliyokoza kidogo kuliko ilivyo sasa. Doa la jiki litapungua ukali lakini litabaki kuonekana, isipokuwa kwa rangi nzito sana kama nyeusi au buluu ya usiku. Zaidi ya hayo, pamba iliyoliwa na klorini huweza kuivuta rangi hii kwa nguvu ndogo kuliko pamba nzima, kwa hiyo usishangae baka likibaki hafifu hata ndani ya rangi nyeusi.

*Uimara.* Hapa ndipo njia hii inapoonyesha udhaifu. Rangi hukaa ndani ya nyuzi kwa mvutano tu, bila kifungo cha kikemia cha kudumu, na kila kufuliwa kunaondoka nayo kiasi. Ipo dawa ya kukazia rangi inayotumika baada ya kusuuza, nayo husaidia sana, lakini shati bado linapaswa kufuliwa peke yake kwa maji baridi na kuanikwa kivulini likiwa limegeuzwa ndani nje.

*Kazi na hatari.* Kazi ni ya saa moja hadi mbili. Shati likiwa limelowanishwa na vifungo vimefunguliwa, liingizwe kwenye maji yaliyo karibu na kuchemka pamoja na rangi iliyokwisha kuyeyuka, ligeuzwe bila kuacha kwa dakika 30 hadi 60, na chumvi iongezwe baada ya dakika kumi za mwanzo. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli, na isirudi tena kupikia chakula. Hatari kubwa zaidi ni maji ya moto yenyewe.

*Kurudi nyuma.* Kuna nafasi nzuri. Rangi hii huvuliwa kwa urahisi kuliko nyingine, na ikitoka hafifu unaweza kurudia siku hiyohiyo.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye shati lililopauka bila madoa makali, anayetaka matokeo ya haraka kwa vifaa vichache, na asiyechukia kurudia kazi hiyo baada ya muda.

2. Rangi ya maji baridi

Hii ni rangi inayofungamana na selulosi kwa kifungo cha kikemia, kiasi kwamba ikishashika huwa sehemu ya uzi. Kampuni ya ICI ya Uingereza iliitoa sokoni kwa mara ya kwanza mwaka 1956 kwa jina la Procion, na aina ya Procion MX ndiyo inayotumiwa zaidi na wanaotia nguo rangi nyumbani, kwa sababu inafanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Kinachoiwasha ni soda ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, ambayo huyafanya maji yawe ya kialkali. Soda ya kuokea mikate (baking soda) haitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa ni sodiamu baikaboneti, yenye nguvu ndogo mno.

*Michoro.* Hali ni kama ya njia ya kwanza kwa habari ya kuchanganyika, ila kwa kuwa hakuna moto, picha za mpira-mpira na michoro ya pigmenti hubaki salama zaidi. Njia hii inakupa pia rangi safi, zisizo na uchafuuchafu, jambo linalosaidia kukadiria mapema ua litakuwaje. Maua mekundu juu ya msingi mweupe, ukitia buluu, yatakuwa ya zambarau juu ya buluu. Maua meusi yatabaki meusi. Majani ya kijani yatazama na kukaribia rangi ya bahari. Ukitaka michoro ibaki ikisomeka, chagua rangi iliyo hafifu kuliko michoro yenyewe na ya jamii moja na msingi wa shati.

*Doa na kupauka.* Kupauka kunatibika vizuri sana. Kwa doa, rangi peke yake haitoshi, kwa sababu ileile ya kwamba hujumlishwa na kilichopo. Lakini njia hii ina faida ambayo nyingine hazina: unaweza kulijaza baka kwanza, kwa brashi ndogo na rangi hiihii iliyochanganywa na soda, ukalifunika kwa nailoni lisikauke, ukaliacha usiku mzima, ukasuuza, kisha ukalitia shati zima rangi. Baka litakuwa limekaribia rangi ya jirani zake kabla ya tabaka la mwisho, na tofauti itakayobaki mara nyingi humezwa na wingi wa michoro. Kwa shati lenye maua madogo yaliyosongamana, huu ndio mpangilio ninaoupendekeza kuliko mwingine wowote.

*Uimara.* Ni mkubwa kuliko wa njia zote nne. Maji yenye rangi yatatoka kwa wingi wakati wa kusuuza mara ya kwanza, lakini hiyo ni rangi iliyoungana na maji badala ya nyuzi. Ikishaondolewa yote kwa maji ya moto na sabuni, shati linaweza kufuliwa pamoja na nguo nyingine. Jua bado litaipunguza, kwa kasi inayotofautiana kati ya rangi moja na nyingine.

*Kazi na hatari.* Kazi ni ndefu na inadai vipimo. Shati la gramu 250, likipimwa kavu, linahitaji takriban lita 5 za maji, gramu 250 hadi 375 za chumvi isiyo na iodini, gramu 5 hadi 10 za rangi, na kwa rangi nyeusi mara mbili ya hapo. Shati huzungushwa ndani ya maji ya chumvi na rangi kwa dakika 20 hivi. Kisha linasogezwa kando, au linatolewa, na gramu 50 za soda zilizoyeyushwa pembeni zinamiminwa kidogo kidogo, zisiangukie juu ya kitambaa. Baada ya hapo linageuzwa kwa muda wa saa moja hivi. Rangi ikishachanganywa na soda huanza kufa, kwa hiyo haiwekwi akiba kwa ajili ya kesho. Ndoo ya plastiki inatosha. Alumini isitumike, kwa sababu soda huila. Unga wa rangi hii ukivutwa puani unaweza kumletea mtu mzio wa kudumu wa mapafu, hivyo barakoa ya vumbi na glavu ni lazima wakati wa kupima, na dirisha lenye upepo lifungwe mpaka unga uwe umelowa wote.

*Kurudi nyuma.* Ni kugumu. Kuongeza kunawezekana wakati wowote, lakini kupunguza kunahitaji dawa za kuvua rangi, na si kila rangi ya kundi hili inavulika mpaka weupe.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mwenye shati la pamba tupu analokusudia kulivaa kwa miaka, mwenye subira ya kupima na kusuuza, na hasa mwenye madoa ya jiki yaliyo ndani ya michoro mingi.

3. Kupaka doa peke yake

Hapa shati zima haliguswi. Unatumia kalamu ya kitambaa au rangi ya kupaka kitambaa, ambayo ni pigmenti iliyochanganywa na gundi ya akriliki, kujaza pengo lililoachwa na jiki.

*Michoro.* Inabaki kama ilivyo, na hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayoweza kukuahidi hivyo. Unaweza hata kuchora upya ukingo wa jani au petali lililokatwa na baka.

*Doa na kupauka.* Kwa kupauka haina msaada wowote. Kwa doa dogo ni nzuri mno, na ustadi wote uko katika kulinganisha rangi. Usilinganishe na rangi iliyo chini ya kola, maana hiyo ni rangi ya shati lilipokuwa jipya. Linganisha na kitambaa kilicho kando ya baka lenyewe, ambacho nacho kimepauka. Changanya rangi, paka tone kwenye ukingo wa ndani wa pindo, liache likauke kabisa, kisha ulitazame kwa mwanga wa mchana, kwa sababu rangi mbichi na rangi kavu hazifanani. Weka kadibodi ndani ya shati isipenye upande wa pili. Paka kwa brashi yenye rangi kidogo, ukigusagusa kutoka katikati kuelekea nje na kuuacha ukingo uwe mwepesi, kwa kuwa mstari mkali ndio unaoita macho kuliko tofauti ndogo ya rangi.

*Uimara.* Ni wa kati. Baada ya kukauka, rangi inakazwa kwa pasi kavu yenye joto linalofaa pamba, kwa dakika tatu hadi tano, kukiwa na kitambaa kingine juu yake. Itavumilia kufuliwa, lakini mahali panaposuguliwa sana, kama ukingo wa kola, itapasukapasuka mapema. Mkono utausikia ugumu kidogo mahali palipopakwa.

*Kazi na hatari.* Kazi ni ndogo na hatari karibu haipo.

*Kurudi nyuma.* Kabla ya pasi, rangi nyingi za akriliki huondoka kwa maji na sabuni zikiwa bado mbichi. Baada ya pasi, hapana. Jambo lingine la kukumbuka ni kwamba sehemu iliyopakwa pigmenti itaikataa rangi ya nguo baadaye, kwa hiyo anayefikiria kulitia shati zima rangi siku za mbele asianze na njia hii.

*Inamfaa nani.* Inamfaa anayeipenda michoro kuliko kitu kingine, mwenye madoa machache na madogo, na mwenye shati lenye mchanganyiko wa poliesta, kwa kuwa gundi ya pigmenti haibagui nyuzi.

4. Kuvua rangi na kuanza upya

Njia hii huondoa rangi iliyobaki kwenye shati zima ili baka na jirani zake vilingane, kisha shati linatiwa rangi mpya kwa njia ya kwanza au ya pili. Dawa inayofaa ni ya kupunguza oksijeni, mathalani sodiamu haidrosulfaiti, inayotumika katika maji ya moto. Wapo wanaotumia jiki kulivulia shati zima, lakini pamba ambayo imekwisha kudhoofishwa na klorini mahali pamoja haistahili kudhoofishwa nayo mwili mzima.

*Michoro.* Kwa kawaida inapotea, au inabaki kama kivuli. Michoro ya pigmenti haivuliki kwa dawa hii. Itabaki palepale juu ya kitambaa kilichopoteza rangi, na pengine utaipenda hivyo. Rangi za ukoo wa nili zina tabia ya pekee: zinaonekana zimetoka, kisha zinarudi kitambaa kikipata hewa.

*Doa na kupauka.* Vyote vinapungua sana, kwa sababu unaondoa tofauti badala ya kuifunika. Hata hivyo ni mara chache shati kuwa jeupe kabisa. Nyeusi nyingi huishia kuwa kahawia au rangi ya chungwa iliyofifia, na hiyo ndiyo itakayokuwa chini ya rangi yako mpya.

*Uimara.* Utafuata rangi utakayoitia baadaye, na nguvu ya kitambaa kilichobaki.

*Kazi na hatari.* Ni kazi mbili kwa pamoja, na ndiyo inayodai uangalifu kuliko zote. Dawa hutoa harufu kali ya salfa, kwa hiyo ifanyike mahali penye hewa ya kutosha. Isikutane na jiki wala tindikali. Unga wake ukiingiwa na unyevu kidogo unaweza kupata joto hata kuwaka, hivyo chombo kifungwe imara na kiwekwe pakavu.

*Kurudi nyuma.* Hakuna. Michoro ikishavuliwa haitengenezeki tena.

*Inamfaa nani.* Inamfaa aliyekwisha kuamua kwamba analotaka ni shati, na kwamba michoro anaweza kuiaga.

Kuchagua kwa kufuata hali yako

Kabla ya lolote, kata kipande kidogo cha kitambaa kwenye akiba ya mshono wa ndani au nyuma ya ukanda wa vifungo, pale penye michoro, ukijaribie. Kipande cha ukubwa wa kucha kitakuonyesha ua litageuka kuwa rangi gani.

Ikiwa shati limepauka sawasawa, halina madoa, na michoro yake imekoza kuliko msingi, njia ya kwanza na ya pili zote zitakufaa. Chagua ya kwanza kama una sufuria ya kutenga na unahitaji shati wiki hii. Chagua ya pili kama unalifua mara kwa mara. Ikiwa limepauka lakini michoro ndiyo hafifu na msingi ndio uliokoza, hakuna rangi ya kutia shati zima itakayoirudisha. Maua meupe au ya waridi yatazama ndani ya rangi mpya, na ni heri kuliacha lilivyo kuliko kulipoteza kabisa.

Ikiwa una matone mawili matatu ya jiki kwenye shati ambalo vinginevyo ni zima, usilitie rangi. Paka madoa. Iwapo tone limeangukia katikati ya ua lenye rangi nyingi, kalamu mbili za rangi jirani zinaweza kutosha.

Ikiwa baka ni kubwa, lakini kitambaa bado kina nguvu na michoro ni ya pigmenti, jaza baka kwa rangi ya maji baridi, kisha tia shati zima rangi iliyokoza. Ikiwa madoa yametapakaa kote, uamuzi ni kati ya nyeusi ya maji baridi, itakayoacha vivuli vya madoa, na kuvua rangi yote. Hapo mimi huelekea kwenye nyeusi kwanza, kwa kuwa kuvua bado kunaweza kufuata baadaye, ilhali michoro iliyovuliwa hairudi.

Ikiwa nyumba ina watoto wadogo, au hakuna mahali penye hewa wala vyombo vya kutenga, njia ya nne isifikiriwe, na ya pili ifanywe nje, pasipo na upepo wa kurusha unga. Ikiwa lebo inasema poliesta ni nusu au zaidi, au tone la maji limekataa kunywewa hata baada ya kufua kwa maji ya moto, baki na njia ya tatu.

Na ikiwa kitambaa kimekuwa chepesi pale pa doa kiasi cha kuonyesha mwanga, rangi yoyote itakayofuata, pamoja na kuchemshwa na kugeuzwageuzwa kwake, italichana. Hapo weka kwanza kipande cha pamba laini kwa ndani, kilichokatwa kupita ukingo wa baka kwa sentimita mbili kila upande, ukishone kwa mishono midogo ya mkono. Baka lenyewe unaweza kulidarizi kwa nyuzi za rangi za michoro iliyo jirani, ukifuata umbo la ua au jani lililokatika.